Zakayo wa Biblia alirudisha alichochukua, wa kwetu wanatoa sadaka

Wakristo wenzangu wa Kenya, nina hasira na leo lazima niseme. Kila Jumapili ni yale yale, mheshimiwa anaingia na msafara ibada ikiwa katikati, viti vya mbele vinaondolewa watu, anapewa maiki, anasoma mstari mmoja, anatoa bahasha, tunapiga makofi. Jumatatu huyo huyo yuko ofisini anatafuta asilimia yake kwa tenda ya dawa za hospitali. Na sisi tunamwita mcha Mungu!

Vijana walimbandika Rais Ruto jina la Zakayo, yule mtoza ushuru wa Biblia, sababu ya ushuru, na 2024 kila barabara ilikuwa inaimba Zakayo shuka. Sasa someni Luka 19 hadi mwisho jameni. Zakayo aliposhuka kwenye mti hakuenda kumjengea kuhani nyumba. Alisema nusu ya mali yake anawapa maskini, na kama kuna mtu alimnyang'anya kitu kwa hila anamrudishia mara nne. Ndipo Yesu akasema wokovu umefika nyumba hii. Pesa ilirudi kwa yule aliyeibiwa!! Hapa kwetu inachotwa kwa mama mboga halafu inapelekwa madhabahuni, na mama mboga huyo huyo ameketi pale anaambiwa aseme amina.

Novemba 2024 maaskofu Wakatoliki walitoa taarifa kali, wakataja utekaji, ushuru na uongo wa serikali. Siku chache tu baadaye rais akaenda Kanisa Katoliki la Soweto kule Kayole, Nairobi, na laki sita za kwaya na baraza la parokia, milioni mbili za nyumba ya mapadri, akaahidi milioni tatu zingine na basi juu. Askofu Mkuu Anyolo wa Nairobi akasema zirudishwe zote. Siku hiyo nilijivunia kanisa, na mimi hata si Mkatoliki. Lakini Machi 2025 tukaona Roysambu, hapo hapo Nairobi, rais akitoa milioni 20 kwa kanisa moja, na vijana walioenda kuuliza hizo pesa zimetoka wapi wakapigwa vitoa machozi nje ya kanisa. Nje ya kanisa!

Halafu kinachoniuma zaidi ni hiki. Mei 28, 2025, kwa ile hafla ya maombi ya kitaifa, rais aliwaambia vijana kama tumewakosea tunaomba msamaha. Watu wakaguswa, hata mimi niliguswa. Juni 8, siku kumi na moja baadaye, Albert Ojwang, mwalimu aliyekamatwa Homa Bay sababu ya posti mtandaoni, akafa mikononi mwa polisi Nairobi. Polisi wakasema aligonga kichwa ukutani mwenyewe, upasuaji ukaonyesha alipigwa. Na hiyo ni baada ya KNCHR, tume ya kitaifa ya haki za binadamu, kuhesabu wafu 60 kwenye maandamano ya 2024. Toba gani hiyo ambayo haifiki hata kituo cha polisi?

Lakini wanasiasa ni nusu tu ya shida, nusu ingine ni sisi. Kanisani kwetu kuna mama wa kikundi cha akina mama, kijana wake alipigwa risasi ya mguu kwa maandamano. Mchango wake wa bili ya hospitali ulitangazwa mwisho kabisa, watu wameshasimama wanabeba watoto, katibu anasoma haraka haraka namba ya M-Pesa. Jumapili iliyofuata mbunge akaja na mahubiri yakakatwa ili aongee, akatusomesha Warumi 13 kuhusu kutii mamlaka, na huyo mama ameketi safu ya tatu anaangalia chini. Mchungaji alikuwa anajua. Wazee wa kanisa walikuwa wanajua. Hakuna aliyemnyang'anya maiki, tulipigiwa hesabu ya mabati na tukashangilia.

Msiniambie eti mjengo wa kanisa lazima uishe. Amosi 5 Mungu anasema niondoleeni kelele za nyimbo zenu, na hao walikuwa watu wa ibada kushinda sisi.

Kwa hivyo wale mko kwa komiti za maendeleo, mabaraza ya parokia, wazee wa kanisa, naomba mnijibu hapa bila kuzunguka. Hizo pesa mkipewa mnauliza zimetoka wapi? Tangu Kayole, kanisa lenu limewahi kukataa hata shilingi moja?