Yule jamaa kafuta kompaila ya zamani halafu ananiambia kodi yangu ya programu IMEZEEKA

Wakuu nina hasira hapa hadi vidole vinatetemeka. Yule jamaa, mnamjua, usiku kaingia kwenye seva ya wote, kaing'oa gcc-9 (toleo la 9 la gcc, kompaila yetu, ile inayogeuza kodi kuwa programu ya kuendesha), kaweka 14, linki ya /usr/bin/gcc, yaani jina gcc tunaloitia wote, kaielekeza huko, kaenda kulala zake. Asubuhi nakompaili mradi ambao haujawahi kunisumbua, terminali inanimwagia makosa marefu kuliko reli, multiple definition, multiple definition, multiple definition, yaani jina moja limefafanuliwa mara nyingi. Namuuliza kwa heshima zote, ananijibu kwenye grupu watu wote wanasoma: "Kodi yako imezeeka." IMEZEEKA!!

Kwani zilikuwa zinagombania kitanda? Gcc-9 na gcc-14 zinakaa mashine moja kila moja na jina lake, na ukitaka unajijengea yako kwa --prefix=/opt/gcc-9, folda yako mwenyewe, humkanyagi mtu. Tangu gcc 10 ya 2020, ukiweka int hesabu; kwenye heda (faili linaloingizwa kwenye mafaili mengi) bila extern, neno la kusema kitu kimefafanuliwa kwingine, linka, ile inayounganisha vipande vya programu, inagoma, zamani ilikuwa inaziunganisha kimyakimya. Angesema hivyo ningemwelewa. Ye kasema imezeeka. Mbele ya watu. Na kaemoji ka kucheka juu.

nyundo7: Pole mkuu. Si ndo huyo huyo alipiga make install bila prefix, ikatua /usr/local, PATH, orodha ya folda za kutafutia programu, ikawa inaiona ya kwake kwanza, wiki nzima tunatafuta mchawi.

shelisafi: Simtetei, ila we nawe kwenye Makefile (faili la maagizo ya kukompaili) umeandika gcc tupu? Ungeweka CC=gcc-9 mapema, kutaja kompaila unayotaka. Saa hizi tia -fcommon, irudi tabia ya zamani, usonge. Extern neno moja tu limekushinda 😂

mleta uzi: CC=gcc-9 wakati IMEFUTWA?? Na kasema IMEZEEKA mbele ya watu

binti_linka: Nyie mna raha. Mi nimekompaili kwa mpya nikapeleka mashine ya zamani, GLIBCXX_3.4.32 not found, yaani maktaba ya C++ ya kule ni ya zamani mno. Mtu akanishauri nikopi libstdc++, maktaba yenyewe, kwa mkono, nikakopi, nikaweka LD_LIBRARY_PATH (pa kutafutia maktaba) kwenye .bashrc, faili linalosomwa kila ukifungua terminali, nusu ya programu zikagoma

nyundo7: Kwenye .bashrc?? Aliyekushauri achapwe. Tumia -static-libstdc++, maktaba iingie ndani ya programu yenyewe

shelisafi: Afadhali nyie. Mi masaa matatu na missing separator, kumbe editori imegeuza tabu zote (za kitufe cha Tab) za Makefile kuwa nafasi

binti_linka: Tabu!! Usinikumbushe

nyundo7: Editori gani hiyo?

shelisafi: Usianze