Kwa nini magonjwa ya kifua yanaua zaidi vijijini kuliko mjini?

Mkazi wa Mbeya:
Ndugu zangu, naomba tusaidiane. Nimesoma kwamba nchini Marekani, mwaka 2019, magonjwa sugu ya njia ya hewa yaliua watu wapatao 52 katika kila watu 100,000 wa vijijini, na mijini wapatao 36, baada ya kusawazisha tofauti za umri. Nilizoea kuamini kwamba hewa ya kijijini ni dawa. Hapa jijini, anayefanya biashara Mwanjelwa anavuta vumbi na moshi wa malori ya barabara ya Zambia kutwa nzima, wakati jamaa zetu wa Makete, mkoani Njombe, wamezungukwa na misitu. Hata hivyo, misiba ya nimonia na ya watu waliokohoa kwa miaka mingi naisikia zaidi kutoka kule juu. Je, ni kweli kijijini wanakufa zaidi, na kama ni kweli, sababu ni nini?

Muuguzi wa zahanati, Makete:
Ndugu yangu, hewa ya nje huku ni safi kama usemavyo, lakini mama wa Makete hapikii nje. Mwezi Juni na Julai, sakitu inapotanda alfajiri, jiko ni chumba kidogo chenye dirisha lililozibwa kwa gunia ili baridi isipenye, na moto wa mafiga hauzimwi hadi watu wanapolala. Moto huo si wa kupikia tu. Ndio unaowapasha watu joto, ndio unaokausha nguo zilizolowa, na juu yake, kwenye kichanja kilichojaa masizi, ndiko yanakotundikwa mahindi ya mbegu ili bungua wasiyaguse. Kwa hiyo simlaumu aliyepewa mtungi wa gesi akaendelea kuwasha kuni, kwa maana gesi inaivisha ugali lakini haimtoi mtu baridi. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati hiyo ifikapo 2034, nami nauunga mkono kwa moyo wote. Ila wapangaji wasipofikiria baridi ya nyanda za juu, moshi utabaki ndani ya nyumba zetu.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Bibi ambaye hajawahi kugusa sigara anaweza kupata ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa kwa sababu ya mafiga peke yake, na mjukuu anayembeba mgongoni anavuta moshi ule ule.

Kisha kuna suala la kuchelewa, na hili ndilo linaloniumiza zaidi. Mtoto mwenye kikohozi wa miezi 2 hadi 11 akipumua mara 50 au zaidi kwa dakika, au wa mwaka mmoja hadi mitano akipumua mara 40 au zaidi, hutibiwa kama mwenye nimonia, na akiwahishwa, vidonge vya amoksisilini vya kuyeyusha kwenye maji mara nyingi humponya. Anayeletwa mbavu zikibonyea ndani huenda akahitaji oksijeni, ambayo zahanati yetu haina, na masika barabara ikiwa tope hata bodaboda hukataa kwenda.

Mtunza kumbukumbu, Iringa:
Naongeza jambo moja linalopotosha hesabu. Mgonjwa wa kijijini anayefia katika hospitali ya rufaa huonekana kwenye daftari la hospitali iliyo mjini, na anayefia nyumbani mara nyingi huzikwa bila sababu ya kifo kuandikwa popote. Anayejumlisha vifo vya hospitali peke yake anaweza kudhani kwamba mji ndio unaoua, ilhali kwa Sensa ya 2022 takriban asilimia 65 ya Watanzania wanaishi vijijini. Marekani kifo huhesabiwa kwa makazi ya marehemu, si mahali alipofia, na ndiyo maana tofauti ile inaonekana wazi. Huko wanaopika kwa kuni ni wachache. Vijijini watu wanavuta sigara zaidi, baadhi wamefanya kazi migodi ya makaa ya mawe, na madaktari bingwa wako mbali. Nasi tungeandika makazi ya kila marehemu, na kuwahoji wafiwa kwa utaratibu kuhusu dalili alizokuwa nazo, tungepata jibu lenye uhakika zaidi.

Mzee wa Tukuyu:
Wanangu, msisahau vumbi la migodi. Zamani wanaume wa Rungwe walichukuliwa kwa mkataba wa Wenela, shirika lililoandikisha vibarua wa migodini, kwenda migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini, na wapo waliorudi na mapafu yaliyoharibiwa na vumbi la mawe, ambalo hurahisisha mtu kushikwa na kifua kikuu. Leo vijana wetu wanasaga mawe Chunya bila hata kitambaa puani. Ongezeni VVU, ambavyo katika utafiti wa 2022–2023 vilikutwa kwa asilimia 12.7 ya watu wazima wa Njombe, kiwango cha juu kuliko mkoa mwingine wowote nchini, na mtu huyo huyo anaishi kwenye moshi.

Mkazi wa Mbeya:
Shikamoo mzee, na nawashukuru nyote. Muuguzi, shangazi yangu huko kwenu anakohoa kila kipupwe na hupewa dawa zile zile. Aombe kipimo gani?

Muuguzi wa zahanati, Makete:
Aanze kwa kupeleka makohozi yapimwe kifua kikuu, kipimo ambacho hakilipiwi. Kisipoonekana, aombe rufaa akapimwe kwa mashine ya kupuliza, inayoonyesha kama njia za hewa zimeziba, wala asikubali kuambiwa ni uzee. Ikithibitika, dawa ya kuvuta kwa mdomo itampunguzia kubanwa, ingawa haitayarudisha mapafu yalivyokuwa. Na kama analala kwenye chumba chenye mafiga, mhamisheni kabla ya Juni.