Tapeli anaingia inboksi bila hodi, nyaraka za mzigo wangu zinatupwa spamu!!

Wakuu nimechoka, leo nasema. Mimi ni karani kwenye ofisi ndogo ya wakala wa forodha hapa Dar, nusu ya kazi yangu ni kusubiri barua pepe, na hii programu ya barua pepe niliyowekewa kwenye kompyuta ya ofisi imejipa cheo cha kuamua nani aniandikie.

Wiki iliyopita namsubiri ajenti wa China atume BL (hati ya mzigo ya meli), invoisi na pakingi listi, bila hizo siandai tansad, lile tamko la forodha, wala nini. Jumatatu hamna. Jumanne hamna. Namfuata WhatsApp anasema katuma mara tatu. Bosi ananiangalia kama mimi ndo nimezila, kontena limeshashuka na siku za bure zinahesabika. Na muda huohuo inboksini kakaa mtu anasema marehemu mjomba wangu kaniachia dola milioni 4.5, mjomba gani, wajomba zangu wote wapo Korogwe wazima kabisa na juzi tu mmoja kaniomba hela ya mbolea!!

Nikaingia seting za spamu. Nikazima kichujio, nikafunga, nikafungua, hamna kitu. Nikamwingiza ajenti kwenye kitabu cha anwani, nikatia tiki ile ya kuwaamini waliomo humo, hamna kitu. Fundi wetu wa IT kwenye simu: "Ristati." Nimeristati mpaka aibu.

Aliyeniokoa ni dogo wa fildi, hata mezani kwake hana kompyuta. "Bro ushawahi kuiangalia kwenye brauza?" Naingia, kushoto kule kuna folda ya spamu, barua 211. BL ipo mara tatu, ya tatu kaandika kwa herufi kubwa tupu, maskini naye kashakasirika.

Kumbe akaunti iliwekwa kwa POP3, njia ya kushusha barua kutoka kwenye seva ya watu wa hosting wanaotutunzia barua pepe, na POP inavuta inboksi tu, folda zingine za kwenye seva haina habari nazo. Ingekuwa IMAP, njia inayoonyesha folda zote za seva, ningeiona ile folda siku ya kwanza. Yaani kichujio kilichomkamata ajenti kipo hukohuko kwenye seva, mimi nahangaika na cha kwenye kompyuta, sawa na kumfungulia mgeni mlango wa chumbani wakati mlinzi kamzuia getini.

Na hicho cha kompyuta nacho siyo malaika. Kinajifunza kwa kuhesabu maneno ya barua unazozitia alama, za spamu na zisizo spamu, ndo kinapimia mpya. Mimi mwaka mzima nabonyeza spamu tu kwa matapeli, na matapeli nao wanaandika invoisi, mzigo, haraka, malipo, maneno yaleyale ya kazi yangu, sijawahi hata siku moja kukiambia hii ni nzuri. Hapo kosa langu, sawa, ila nani aliniambia?? Afu chini kabisa kuna tiki ya kufuta spamu zilizozidi siku 14, IMEWEKWA. Fundi anaapa siyo yeye. Za mwezi wa nane zimeenda hizo.

Watu wa hosting nimewapigia, wanasema domeni ya ajenti haina SPF, yaani orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma barua kwa jina lake, ndo maana seva inamshuku. Na wa urithi je? Eti yeye katumia akaunti ya bure ya kampuni kubwa, SPF yake imenyooka. Kwa hiyo mwizi ana kitambulisho, mtu wa kazi hana!

Nimehamia IMAP, nimefuta mafunzo yote ya kichujio naanza upya, za ajenti nimezirudisha inboksi moja moja. Kontena limelipiwa siku mbili za kukaa bandarini na bosi kasema tutaongea mwisho wa mwezi. Sasa mwenye kujua namna ya kumpitisha mtu mmoja kwenye kichujio cha seva bila kukizima chote aje hapa, na atakayeandika ristati tutakosana.