Medali ya dhahabu ya Olimpiki: dhahabu yenyewe ni kiasi gani?

MpendaRiadha:
Wakuu, naomba kueleweshwa. Kuna mtu kaniambia medali ya dhahabu ya Olimpiki ndani ni fedha. Ni kweli? Ilikuwa hivyo tangu mwanzo? Na mbona za zamani zina sura nyingine?

FundiSonara:
Ni kweli kabisa. Mimi ni sonara, kupaka dhahabu juu ya fedha ndiyo kazi yangu. Dhahabu tupu ilitolewa mara ya mwisho Stockholm 1912. Siku hizi kanuni inataka fedha yenye usafi wa angalau asilimia 92.5, halafu dhahabu isiyopungua gramu 6 juu yake. Ya Tokyo 2020 ilikuwa na gramu 556 kwa jumla, kwa hiyo piga hesabu. Lakini msiidharau! Gramu 6 juu ya kitu cha ukubwa ule ni tabaka nene mara nyingi kuliko mikufu ya kupakwa mnayoijua.

Mwanzoni hata dhahabu haikuwepo. Athens 1896 mshindi alipata medali ya fedha na tawi la mzeituni, wa pili shaba, wa tatu mikono mitupu. Mpangilio wa dhahabu, fedha na shaba ulianza St. Louis 1904.

Kuhusu sura: mchoro wa Giuseppe Cassioli, wa Nike mungu wa ushindi akiwa ameketi, ulianza 1928 ukadumu hadi Sydney 2000. Nyuma yake kuna jengo la Kirumi, na michezo hii asili yake ni Ugiriki! Hilo liliniudhi siku zote. Athens 2004 wakarekebisha, Nike sasa anashuka katika uwanja wa Panathinaiko.

Kipimajoto:
Na zile za shaba za Paris 2024 zilizobabuka?

FundiSonara:
Shaba ikipata jasho na hewa hubadilika rangi, kinachoikinga ni vanishi. Vanishi ikiwa dhaifu, mambo huonekana mapema. Kiwanda cha sarafu cha Ufaransa kilikubali kubadilisha zilizoharibika, na ndivyo ilivyopaswa. Medali hushikwa na kila mtu, kwa hiyo itengenezwe kwa kuzingatia hilo. Kile kipande cha pembe sita katikati, gramu 18 za chuma cha mnara wa Eiffel, ni wazo zuri, ila mimi nachagua Tokyo: madini yake yalitolewa kwenye simu na vifaa vya umeme vilivyokwisha kazi.

MpendaRiadha:
Asante sana fundi, nimeelewa.