Mjadala: Dume wa mbegu achaguliwe kwa kipimo cha DNA au kwa mizani?

Mtoa mada:
Wadau wa mifugo, salaam. Kuna hoja inazidi kupata wafuasi: toa damu ya kondoo dume, peleka maabara, akikutwa na "jeni ya ukuaji" mnunue, asipokuwa nayo achinjwe. Mizani na daftari, wanasema, ni mambo ya kizamani. Mimi napinga.

Jeni moja ya ukuaji haipo. Uzito wa kondoo unatokana na jeni nyingi mno, kila moja ikiongeza au kupunguza kidogo. Zipo chache zenye nguvu, lakini hazitoi kile kinachotangazwa. Chukua Texel, mbegu ya kondoo wa nyama. Mwaka 2006 watafiti walionyesha kwamba herufi moja tu ya DNA, G iliyogeuka A, ndiyo inayochangia minofu yao. Imekaa kwenye jeni ya myostatini, ambayo ni breki ya misuli, na inafanya myostatini itengenezwe kidogo zaidi. Nyama inaongezeka, mafuta yanapungua. Ila mpandishe kwenye mizani, hamzidi sana mwenzake asiye nayo. Sasa anayeuza kondoo hai kwa kilo amenunua nini hapo?

Jeni ya kalipaiji, ile inayojaza makalio, ndiyo kituko kabisa. Ilianzia kwa dume mmoja wa mbegu ya Dorset aliyezaliwa Oklahoma, Marekani, mwaka 1983, jina lake Solid Gold. Makalio yamejaa misuli! Lakini mtoto hulipata umbo hilo iwapo tu badiliko limetoka kwa baba na nakala ya mama ni ya kawaida. Akilirithi kwa wote wawili, anaonekana kondoo wa kawaida tu. Na baada ya hesabu zote hizo, nyama ya mgongo ni ngumu kutafuna. Wachinjaji hawakuitaka.

Mchangiaji wa kwanza:
Mkuu, unachagua mifano inayokufaa. Mbona hujataja ugonjwa wa wanakondoo buibui? Kwenye maonesho ya Marekani kondoo wa mbegu ya Suffolk walio warefu ndio walikuwa wanashinda. Kumbe mwenye nakala moja ya jeni mbovu ya FGFR3 huwa na miguu mirefu, basi wafugaji wakawa wanaisambaza wenyewe kwa macho yao. Mtoto akipata nakala mbili, miguu inapinda, uti wa mgongo unapinda, hafai kitu. Ni kipimo cha DNA kilichowaokoa.

Halafu uzito wa kuachishwa kunyonya, kiwango chake cha kurithiwa ni kama 0.2, yaani sehemu moja tu kati ya tano za tofauti ndiyo inatokana na jeni. Sehemu kubwa ya tofauti unayoiona inatoka kwenye maziwa ya mama, malisho, na kama alizaliwa pacha. Mizani yako inampima mama!

Mtoa mada:
Kasoro zipimwe kwa DNA, hapo sina ubishi, na uhakiki wa nani baba wa nani pia. Mimi nazungumzia ukuaji.

Hiyo 0.2 ndiyo inayotetea daftari. Ukimchagua dume kwa uzito wake mwenyewe, usahihi wa makadirio ya jeni zake ni kama 0.45, ambapo 1 ni kupatia kabisa. Pima watoto wake 30 waliozaliwa na majike tofauti, usahihi unafika karibu 0.78. Ila lazima uandike: tarehe ya kuzaliwa, pacha au mmoja, jinsia, umri wa mama. Na ulinganishe waliolishwa pamoja tu, siyo wa bonde hili na wa mlima ule.

Najua utanirudia na chipu, kile kifaa cha maabara cha kusoma DNA. Ile ya mwaka 2009 inasoma alama za DNA zaidi ya 50,000 kwa mkupuo, kazi nzuri sana. Lakini alama hizo hazina maana mpaka ziunganishwe na maelfu ya kondoo ambao mtu aliwapima uzito na kuandika. Na makadirio yaliyojengwa kwa mbegu moja hupungua nguvu ukiyahamishia kwa mbegu ya mbali. Anayeuziwa kipimo leo aulize kwanza: waliopimwa kutengeneza makadirio haya walikuwa kondoo gani?

Mchangiaji wa pili:
Samahanini, nyote mnabishana kuhusu kipimo kana kwamba ukubwa ndio lengo lenyewe. Kondoo wa mbegu ya Dorper anamzidi Red Maasai, kondoo wetu wa asili, kwa mwili, hilo halina mjadala. Peleka wote penye unyevunyevu na minyoo ya tumbo inayonyonya damu, Red Maasai anahimili, Dorper anapukutika. Na ukichagua uzito mwaka hadi mwaka, uzito wa kuzaliwa nao unapanda, jike anakwama kuzaa. Kwenye daftari lako mtoa mada, safu ya vifo iko wapi?

Mtoa mada:
Ipo, na vifo ninavihesabu kwa kila dume. Ila nataka wadau waseme: dume ambaye watoto wake ni wepesi kwa kilo mbili lakini wanapona wote, mngempa majike mangapi?