Nimeuziwa taa ya urembo, naambiwa ni priampu ya valvu!

Wakuu heshima kwenu. Nina hasira, kwa hiyo mnivumilie nikiandika ovyo.

Nina amplifaya ya mtumba kutoka Japani (ni ya volti 100, naiendesha kwa transfoma ya kushushia umeme) na spika mbili ndefu ambazo wife anaziita majeneza. Sauti safi, ila kavu. Nikaona nitafute priampu (kile kikasha cha kukuza sauti kabla haijafika kwenye amplifaya) ya valvu, zile chupa za kioo zilizokuwa zinawaka nyuma ya redio ya babu.

Nikaingia duka moja Kariakoo, silitaji. Jamaa akaiwasha, akazima taa ya duka makusudi. "Broo, cheki inavyowaka." Kweli, chupa mbili zinang'aa rangi ya chungwa kama makaa. Nikahesabu laki tatu na nusu, nikaondoka napiga mluzi.

Nafika nyumbani, naiunga na CD. Hata wimbo sijaweka, volyumu iko sifuri, spika zinanguruma mmmmm kama jenereta la jirani. Nikiigusa chupa kwa penseli, spika inajibu "ting". Nikampigia. Akasema valvu za kiwandani ndizo mbovu, niapgredi, anazo valvu aina ya ECC83 za chapa ya Mullard, za Uingereza za zamani. Zote mbili kwa laki moja na themanini. Na mimi, mtu mzima na ndevu zangu, nikatuma hela.

Bodaboda akaleta. Nikazima, nikachomoa valvu ya kushoto ili niweke mpya. Haiingii. Nikahesabu miguu: iliyotoka ina 7, niliyonunua ina 9! Yaani mtu ameniuzia kiatu cha mguu ambao sina. Nikageuza boksi, pembeni kwa herufi ndogo: Made in Russia. Jina la Mullard siku hizi linapigwa kwenye valvu za Urusi, sawa, wala si dhambi, lakini "Uingereza ya zamani" imetoka wapi?

Subirini, bado. Nikawasha tena nikiwa nimesahau kurudisha ile chupa. Soketi tupu, haina kitu, INANG'AA CHUNGWA. Kuna kitaa cha ledi kimechomekwa katikati ya soketi! Kule dukani nilikuwa nashangaa ledi.

Nikamwita fundi redio wa mtaani kwetu, mzee mmoja hana maneno mengi. Akafungua kasha, akacheka peke yake. Valvu zenyewe ni 6J1, valvu halali kabisa, inataka kama volti 120 ili ifanye kazi yake vizuri. Adapta iliyokuja na mashine ni ya volti 12. Akaweka mita: ndani zinapandishwa mpaka 30 na kidogo, basi. Na hizo 12 zinaletwa za AC (umeme wa kwenda na kurudi) bila kunyooshwa, kupasha moto valvu, ndiyo maana inanguruma.

Nikampigia jamaa tena. "Fundi abadilishe soketi tu, ECC83 itakaa." Soketi tu! ECC83 inapenda volti 250 hivi, atazitoa wapi kwenye adapta ya 12? Tena hata ingekaa, ya nini? CD inatoa volti 2, na amplifaya nyingi zinafika mwisho wa nguvu zake kwa kuingiziwa volti moja na kitu. ECC83 kwenye karatasi yake ya vipimo inakuza mara 100. Ningekuwa nafungua volyumu kwa upana wa ukucha, halafu basi. Fundi anasema kwa kazi yangu angalau priampu ya ECC82, ile valvu ya mara 17 hadi 20, priampu yenye transfoma yake ya chuma ndani ya kasha. Ukinyanyua uisikie uzito mkononi. Yangu ningeweza kuirusha kama chapati.

Hela hataki kurudisha. Eti bidhaa ikishafunguliwa hairudi. Sasa bila kufungua ningejuaje?

Mwenye priampu ya ECC82 ya kweli Dar aniambie, nitakuja na fundi, kasha lifunguliwe na mita iwekwe kabla sijatoa hata mia. Kapasita za ndani (vile vidude vya kutunza umeme) naziheshimu, zinabaki na umeme hata waya ukishachomolewa, kwa hiyo atakayegusa ni mzee, si mimi.

Na wewe muuzaji, najua umo humu. ECC83 zako ziko kwenye boksi, hazijawahi kuwaka hata dakika moja. Jumamosi saa nne asubuhi niko mlangoni kwako.