Tupeane uzoefu: bendi ya elektro-pop uliyoisikia kabla haijajulikana

Mtoa mada
Wakuu, habari za humu. Juzi nimesikia kwenye tangazo wimbo wa bendi ya elektro-pop (pop ya vinanda vya umeme na kompyuta) niliyowahi kuiona tukiwa watu wasiozidi thelathini ukumbini, nikajikuta nacheka peke yangu kama mwehu.

Walikuwa wawili tu, wamewekwa wafungue jukwaa la wenzao. Dada anaimba, kaka kainamia meza yenye vinanda viwili na nyaya zilizosokotana. Wimbo wa tatu, kompyuta ikaganda. Kimya. Nikajua wataomba radhi washuke. Dada akaanza kupiga makofi, akaendelea kuimba hivyohivyo bila ala, nasi tukamfuatisha, mpaka mwenzake akaiwasha upya na besi ikaingia palepale kwenye makofi yetu. Mwili ulinisisimka. Tulipotoka tukamkuta dada yuleyule mlangoni anauza CD alizoziandika jina kwa mkono.

Sitawataja, uzi usije ukageuka tangazo. Ninyi mliwapataje wenu, na ilikuwaje walipokuwa wakubwa? Linki tupu hapana, simulia.

Sikio Moja
Mkuu, yangu ni aibu tupu. 2012 rafiki alinisikilizisha wimbo kwenye simu yake, jina la bendi akanitajia kwa mdomo: CHVRCHES, linatamkwa kama "churches", yaani makanisa kwa Kiingereza. Nikaenda kutafuta kwa herufi ninazozijua, nikaletewa makanisa. Wiki nzima napekua makanisa! Kumbe wale watatu wa Glasgow, Uskoti, waliweka V mahali pa U makusudi, ili anayewatafuta mtandaoni asiangukie kwenye nyumba za ibada. Hila ya kuwasaidia wasikilizaji ikamnasa msikilizaji.

Albamu yao ya kwanza ilipotoka 2013 nilikuwa nishajua kuandika. Ile sauti ya mwimbaji wao Lauren Mayberry juu ya vinanda vizito ni kama mtoto anayekwambia ukweli katikati ya kiwanda. Sikuchukia walipopata umaarufu. Nilichukia walionifundisha jinsi ya kuandika jina lao.

Mzee wa Kaseti
Vijana mna raha. Mimi Depeche Mode niliwapata kwenye kaseti ya kaka yangu, amerekodi kutoka redioni, mtangazaji anaongea juu ya mwanzo wa wimbo. Hadi leo nikiusikia wimbo ule bila yule mtangazaji naona umekatwa.

Albamu ya kwanza ilitoka 1981, nyimbo karibu zote kaandika Vince Clarke, na mwaka huohuo akaondoka. Kaka akasema, "Hao kwisha." Alikuwa mkubwa kwangu kwa miaka sita, nani ampinge? Tukamfuata Clarke alikokwenda: bendi ya Yazoo akiwa na mwimbaji Alison Moyet, kisha Erasure akiwa na Andy Bell kuanzia 1985. Sijutii hata kidogo. Lakini wale tuliowazika, mwenzao Martin Gore alishika kalamu wakasonga mbele. 1988 wakaujaza uwanja wa Rose Bowl kule Pasadena, Marekani, mimi huku bado nimenuna kwa hasira za kurithi. Niliwagundua upya nikiwa mtu mzima, nikaanza kuzitafuta albamu moja moja kama mgeni. Kaka hajui.

Paka Mweusi
Mimi niliipata moja, nyimbo tatu tu. Nikamwambia kila mtu. Mwezi wa nne wakafuta kila kitu, mpaka leo sijui walipoishia. Nyimbo ninazo kwenye simu ya zamani isiyochaji. Ndio uzoefu wangu.

Fundi Besi
Pole Paka. Ipeleke kwa fundi simu, kama kumbukumbu haijafa zinatoka.

Mimi napiga kinanda, kwa hiyo husikiliza sauti za ala kwanza, mwimbaji baadaye. Yamaha DX7, kinanda cha umeme, ilipotoka 1983, kuitengenezea sauti mpya kulikuwa mateso, wengi wakabaki na zile ilizotoka nazo kiwandani. Ndiyo maana nyimbo nyingi za miaka ile zina piano ileile ya kumetameta. Siku hizi sauti za kiwandani zimehamia kwenye kompyuta, uvivu ni uleule (na wangu nimeuhesabu). Bendi changa ikinipa sauti nisiyoijua, nasimama.

Ya mwisho kuisimamia ilikuwa na ngoma moja nzito, ina kitu kama pumzi mwishoni. Nikarudia weee, sikuelewa. Nikawaandikia. Usiku uleule wakanijibu kwa picha: mlango wa friji. Waliurekodi ukifungwa, wakaishusha sauti mpaka ikawa ngoma. Sasa hivi ukiwaandikia anajibu meneja.

Mtoa mada
Mzee wa Kaseti, mwambie kaka bwana, yameisha hayo!

Nami nijibu swali langu mwenyewe. Mwaka jana niliwaona tena, safari hii ukumbi wa maelfu, mimi nimekaa juu kabisa. Mitambo ya kisasa, skrini kila upande, hakuna cha kuganda. Ulipofika wimbo uleule, muziki ukakatika katikati, taa zikazimwa, dada akaanza kupiga makofi. Ukumbi mzima ukafuatisha, kisha besi ikaingia palepale.

Jirani yangu wa kiti akanigeukia: "Hapa wamebuni, eh?"

Nikaendelea kupiga makofi.